Nichukue likizo nikaijaribu kazi ya Geita, au niage kwanza?

Shikamoo Mama,

Nina miaka 31, naishi Igoma na binti yangu anayesoma darasa la nne. Ni mkaguzi wa ubora kwenye kiwanda kimoja cha minofu ya sangara hapa Mwanza, huu ni mwaka wa sita. Mkataba wangu ni wa kudumu. Mshahara ni shilingi 1,000,000 kabla ya makato, na Bodi ya Mikopo bado wananikata deni la chuo. Kazi naijua na naipenda, ila samaki wamepungua. Kuna wiki mashine zinawaka siku tatu tu. Wenzetu wa mikataba mifupi walishaambiwa wakae nyumbani wasubiri kuitwa. Mimi sijaguswa, lakini kila asubuhi nikiingia getini macho yangu yanakwenda kwenye ubao wa matangazo kabla hata sijamsalimia mlinzi.

Miaka miwili nimetuma maombi ya kazi, kimya. Wasifu wangu ulikuwa unaanza na "mkaguzi wa minofu ya samaki". Mwaka huu rafiki yangu niliyesoma naye chuo akaniambia niondoe samaki mbele, niweke usalama wa chakula, HACCP (mfumo wa kubaini na kudhibiti hatari kwenye chakula), utunzaji wa kumbukumbu na kaguzi za wateja wa Ulaya nilizosimamia. Haikupita miezi miwili nikaitwa Geita, kwenye kampuni inayopikia wafanyakazi wa mgodini. Nimefanyiwa usaili mara mbili, mara ya pili ofisini kwao. Juzi wamenipigia: nimepata. Mshahara 1,450,000, chakula na malazi kambini, siku 21 kazini na siku 7 nyumbani, mkataba wa mwaka mmoja. Wanataka niripoti tarehe 1, yaani siku 16 kutoka leo. Mkataba wamesema nitaukuta hukohuko.

Mwenzangu wa zamu ananiambia nifunge mdomo. Nichukue likizo yangu ya siku 28, niende Geita, nikiona pazuri nisirudi, nikiona pabaya nirudi kama mtu aliyetoka kupumzika. Anasema kuna mwenzetu aliyeaga vizuri kwa barua, akazungushwa stahiki zake miezi mitatu. Kwa hiyo kuaga kuna faida gani?

Kinachoniumiza zaidi ni meneja wangu. Ni mzee wa watu, ndiye aliyenifundisha kazi hii, ndiye aliyeniandika jina kwenye mafunzo wakati wengine waliona mimi bado mdogo. Nikimpita koridoni siku hizi nainamisha macho.

Mama yangu yuko Sengerema. Anasema niende, daraja la Kigongo na Busisi limeisha, mtoto abaki kwake. Kaka yangu anasema usiache mbachao kwa msala upitao. Nishike neno la nani?

Mkaguzi wa Igoma


Marahaba mwanangu,

Likizo usichukue. Na barua ya kuacha kazi usiiandike leo. Kati ya hayo mawili kuna siku chache za kazi ya kufanya, na ndizo zitakazoamua kama unahama au unaruka gizani.

Kwanza tuitane kwa jina sahihi. Wewe hujapata kazi Geita, umepata simu. Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu lilinipata. Miaka ya nyuma, kabla sijawa afisa utumishi, niliahidiwa nafasi kwa mdomo na mtu mwenye cheo, nikaacha kazi yangu wiki ileile. Nilipokwenda kuripoti nikaambiwa bajeti imesimamishwa, nisubiri. Nilikaa nyumbani Nyegezi miezi mitatu na mume wangu ndiye aliyebeba kila kitu. Yule mtu hakuwa tapeli, aliamini alichoniambia. Ila ahadi yake haikuwa na sahihi ya yeyote, na mimi sikuwa na karatasi ya kumshikia.

Kwa hiyo leo hii, kabla ya kulala, waandikie barua pepe. Washukuru, taja cheo na mshahara waliokutajia kwa simu, halafu omba mkataba utumwe kwako uusome kabla ya kuripoti. Hutaonekana msumbufu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri akupe kwa maandishi, kazi inapoanza, maelezo ya kazi yenyewe, mahali, saa, malipo na muda wa mkataba. Kampuni inayofanya kazi na migodi imezoea karatasi kuliko kiwanda chako. Wakikataa kabisa kutuma hata barua ya ofa yenye sahihi na muhuri, hapo umepata jibu lako bila kupanda gari. (Hukusema kama wamekuomba hela ya fomu au ya vipimo itumwe kwenye simu ya mtu. Natumaini hapana. Kama ndiyo, acha kusoma hapa, usitume.)

Mkataba ukifika, usiukimbilie ukurasa wa mshahara. Kwanza tafuta palipoandikwa mahali ulipoajiriwa. Watu wengi hupapita wakidhani ni anwani tu. Mkataba ukivunjwa mbali na mahali ulipoajiriwa, mwajiri anawajibika kukusafirisha wewe na mizigo yako kukurudisha, au kukulipa gharama hiyo. Umeitwa ukiwa Mwanza, basi paandikwe Mwanza. Wakiandika Geita, umepoteza haki hiyo kwa neno moja.

Pili, muda. Hapa nataka utulie unisikilize, maana ndipo tofauti kubwa ilipo. Leo una mkataba wa kudumu: ukitaka kuondoka unatoa notisi, unaondoka. Geita ni mkataba wa muda maalumu. Kanuni zilizotolewa mwaka 2007 chini ya sheria ileile zinasema mwajiriwa wa mkataba wa aina hiyo haachii katikati kwa kupenda kwake, isipokuwa mwajiri amevunja mkataba kwa jambo kubwa, au wamekubaliana. Maana yake, kambi ikikushinda mwezi wa nne, huwezi kujiondokea tu kama ulivyozoea kuona watu wanafanya. Waombe waweke kipengele cha notisi kwa pande zote mbili, siku 28 au mwezi mmoja. Kampuni nyingi wanacho tayari. Uliza pia tenda yao ya kupika pale mgodini inaisha lini. Nimeona watu wakisaini mwaka mmoja kwa kampuni ambayo tenda yake ilibakiza miezi mitano.

Na ujue unaanza upya. Mtu ambaye hajatimiza miezi 6 kwa mwajiri hana kinga ya sheria dhidi ya kuachishwa isivyo halali kama uliyonayo wewe sasa. Miaka yako ya kiwandani haihamii Geita.

Sasa hela. Umeona nyongeza ya 450,000 na moyo umekwenda mbio. Chukua kalamu tuhesabu pamoja, nikichukulia mshahara wote ni wa msingi, unakatwa asilimia 10 ya NSSF, yaani mfuko wa hifadhi ya jamii, na asilimia 15 ya Bodi ya Mikopo, na kodi ni kwa viwango vya PAYE, kodi ya mshahara, vilivyoanza Julai 2021. Kwenye 1,000,000 yako, NSSF wanachukua 100,000, kodi 103,000, Bodi 150,000. Mkononi inabaki 647,000. Linganisha na slipu yako, zisiachane sana. Kwenye 1,450,000, NSSF 145,000, kodi 219,500 kwa sababu sehemu ya mshahara inaingia kwenye daraja la asilimia 30, Bodi 217,500. Mkononi 868,000. Nyongeza yako halisi ni 221,000.

Si ndogo, na sikukatishi tamaa. Deni la Bodi litaisha haraka, na ya NSSF ni yako, tena mwajiri anaweka ya kwake juu. Chakula na malazi vya kambini navyo ni hela. Lakini upande wa pili weka nauli ya kila mzunguko, weka dada wa kukaa na mtoto siku 21 au matumizi ya kumpelekea bibi, weka pango la Igoma litakaloendelea hata nyumba ikiwa tupu. Ukimaliza hesabu hiyo ukabaki na zaidi ya unachobaki nacho sasa, nenda ukiwa umejua. Ukikuta ni sawasawa, rudi kwao uzungumze mshahara kabla ya kusaini. Waulize pia ile 1,450,000 imegawanywaje, maana wengine hutaja jumla, kumbe msingi ni 900,000 na zingine ni posho, na msingi ndio unaohesabiwa siku ya kuachana.

Niseme na hila ya likizo. Mwenzako anakupenda, lakini hajafikiria. Namba yako ya NSSF ni moja na TIN yako, namba ya mlipa kodi, ni moja. Geita watakusajili kwenye mfumo wao mwezi uleule kiwanda kinapokulipa likizo. Bodi ya Mikopo watakuona kwa waajiri wawili. Halafu Mwanza ni mji mkubwa wenye watu wachache wa fani yako: wakaguzi wa ubora mnajuana, mliofunzwa pamoja mnajuana, madereva wa magari ya barafu wanawajua wote. Ukirudi kutoka "likizo" utamkuta mzee anajua. Tena sheria hairuhusu notisi itolewe mtu akiwa likizo, wala siku za notisi kwenda sambamba na likizo. Kwa hiyo huwezi hata kuisafisha baadaye kwa barua. Utakuwa umetoroka kazi, neno ambalo hubaki kwenye faili hata meneja akibadilika.

Njia ya mlango wa mbele ni siku 28 za notisi kwa mtu anayelipwa kwa mwezi. Una siku 16. Waambie Geita hivyohivyo, bila kujitetea: nimeajiriwa, natakiwa kutoa notisi ya siku 28, naomba niripoti baada ya hapo. Mwajiri mwenye akili hupenda kusikia hivyo, kwa sababu anajua na yeye siku moja utamuaga kwa namna hiyohiyo. Wakisema haiwezekani hata kwa siku moja, basi mwombe mzee mfupishe notisi kwa makubaliano ya maandishi. Kuna viwanda hukubali, hasa siku hizi ambapo kazi imepungua. Ukiondoka bila kuzifanyia kazi siku hizo na bila makubaliano, wanayo haki ya kukata malipo ya siku hizo kwenye stahiki zako. Huenda huyo mwenzenu aliyezungushwa hakukosewa kwenye kila shilingi, ingawa miezi mitatu ni dhuluma.

Wewe usizungushwe. Barua yako iwe na nakala, na kwenye nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa na tarehe. Fanya makabidhiano kwa maandishi: vipima joto, funguo za maabara, vitabu vya kumbukumbu, mpaka sare. Dai mshahara wa siku ulizofanya, malipo ya likizo ambayo hujaichukua, na cheti cha utumishi, ambacho sheria inamtaka mwajiri akupe ajira inapokoma. Wakikuzungusha, madai ya namna hiyo hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 60, na wana ofisi hapahapa Mwanza. Huyo mwenzenu aliyesubiri miezi mitatu alipitisha muda akiwa anasubiri kwa adabu. Na kabla hujatoka, chukua taarifa ya michango yako NSSF, uhesabu mwezi kwa mwezi. Miaka mitano kamili ni michango 60, ongeza miezi ya mwaka huu wa sita, na pensheni inataka 180. Ukikuta mapengo, ni rahisi kuyadai ukiwa bado una kitambulisho cha kuingia getini.

Sasa kaka yako na mbachao wake. Methali ni nzuri, lakini tuukague huo mbachao. Wewe mwenyewe umesema mashine zinawaka siku tatu kwa wiki. Kiwanda kikikupunguza, unastahili kiinua mgongo cha mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliotimiza, ambacho kwa miaka mitano kamili ni siku 35. Ukiacha mwenyewe hupati. Na fao la kukosa ajira la NSSF halitolewi kwa aliyeacha kwa hiari. Hayo ndiyo unayoyaacha, uyajue. Mimi kwa maoni yangu siku 35 si sababu ya mtu mwenye miaka 31 kukaa akisoma ubao wa matangazo kila asubuhi. Unachokiogopa si kupoteza kiwanda, ni kwamba hapo ndipo ulipojifunza kuwa mtu wa kazi.

Na ulijifunza vizuri. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulipofunga mlango kwa samaki wa Ziwa Victoria, kwa hofu ya samaki waliovuliwa kwa sumu, mji huu ulisimama. Nakumbuka mitaa ya Kirumba ilivyokuwa. Tangu hapo watu wa ubora kwenye viwanda vya Mwanza walifundishwa kuandika kila kitu: samaki katoka mwalo gani, saa ngapi, barafu kiasi gani, nani kamshika. Nidhamu hiyo ndiyo Geita wanainunua. Rafiki yako aliyekubadilishia wasifu hakukupamba, alikutafsiri. Jiko linalolisha mamia ya watu kwa siku lina hatari zilezile za joto, maji, mikono na muda. Usiende huko ukijiona mgeni wa fani.

Kuhusu binti, hapa simuungi mkono mama yako moja kwa moja. Yuko darasa la nne, na mwishoni mwa mwaka kuna upimaji wa kitaifa. Usimhamishe shule kabla hajaufanya. Muombe mama aje Igoma kwa miezi hiyo, mkiweza, halafu Januari mtoto aanze Sengerema. Baada ya hapo jiografia iko upande wenu: gari la Mwanza kwenda Geita linapita Sengerema, na tangu daraja la Kigongo na Busisi lizinduliwe Juni 2025 hakuna tena kulala kwenye foleni ya kivuko. Siku zako 7 hutazimaliza njiani.

Mzee nimemwacha mwisho kwa sababu ndiye unayemfikiria usiku. Ukishasaini mkataba wa Geita, mtu wa kwanza kujua kiwandani awe yeye, tena kwa mdomo, kabla barua haijafika utumishi. Usimpelekee habari koridoni. Omba dakika kumi ofisini kwake, funga mlango. Mwambie umepata kazi, mwambie ni wapi, mwambie ni yeye aliyekufikisha. Usilalamikie kiwanda, usitaje siku tatu za mashine, anazijua kuliko wewe. Halafu mwambie nani ungependa umkabidhi kazi na uko tayari kumfundisha kwa siku zote za notisi. Huenda akanyamaza, huenda akakuomba ubaki na kukuahidi nyongeza. Akiahidi, mjibu kwa heshima kwamba umeshatia sahihi. Nyongeza inayotolewa mlangoni, kwenye kiwanda chenye kazi ya siku tatu, sijui ingetoka wapi. Kisha muombe awe mdhamini wako kwenye wasifu, umuandike jina na namba yake kwa ruhusa yake. Ukifika wakati wa kuhama Geita, na utafika, mtu wa kwanza kupigiwa simu atakuwa yeye.

Barua yenyewe usiipambe. Andika: "Napenda kukuarifu kuwa naacha kazi katika nafasi ya mkaguzi wa ubora. Natoa notisi ya siku 28 kuanzia tarehe ya barua hii, na siku yangu ya mwisho kazini itakuwa tarehe fulani. Nitakabidhi kazi kwa utaratibu utakaoelekezwa. Nashukuru kwa mafunzo na ushirikiano niliopata." Weka tarehe, sahihi na nakala. Sababu hudaiwi, usizieleze.

Mkataba wa Geita ukifika na ukakuta sehemu huielewi, funika majina, unitumie ukurasa huo kabla hujasaini. Nitausoma siku hiyohiyo.